Jibu: Besi ya kwanza kwa mpiga gitaa
Habari ndugu. Nimekuelewa: umezoea gitaa la solo, unatafuta gitaa moja la besi, la bei nafuu, itakayofaa kanisani na kwenye dansi. Nami nilitokea huko huko.

Tafuta ya nyuzi 4, muundo wa Jazz Bass, aina mojawapo ya besi. Kampuni ya Squier wanazo za bei ya chini. Shingo yake juu ni nyembamba, upana wa milimita 38 hivi, vidole vya gitaa havihangaiki. Ina pikapu mbili za kunasa sauti: ya mbele inanenepesha, ya nyuma inakaza.

Kwanza kagua shingo. Bana uzi mnene kwenye freti (vyuma vilivyokatiza shingo) ya 1 na ya mwisho, uchungulie katikati. Pengo likizidi unene wa kadi ya benki, shingo imepinda. Na besi usiipige kwa nguvu kwenye amplifaya ya gitaa, niliua spika hivyo.