Mgeni wetu anasoma Kiswahili chumbani, sisi tunamjibu kwa Kiingereza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Tangu mwezi wa nane tunaishi na binti wa miaka 19 kutoka Ujerumani, amekuja kujitolea kwa mwaka mmoja katika shule ya awali ya kanisa letu. Ni mtoto mzuri, ana heshima. Shida ni Kiswahili. Akirudi kazini anasalimia, anakula kidogo, kisha anajifungia chumbani na daftari lake mpaka usiku. Wanangu wanamsemesha Kiingereza, hasa huyu wa kidato cha pili. Shuleni watoto wanamcheka, na anasema bibi wanaoleta wajukuu wakizungumza haambulii kitu, anaona kama hajajifunza lolote. Juzi nilimkuta analia. Mimi namwambia apumzike, asishike kazi yoyote ya nyumbani, lakini naona ndiyo anazidi kunyong'onyea. Nimsaidieje?
Mama mwenye mgeni, Ipagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tangu nilipostaafu ualimu wa sekondari nimekuwa nikiwafundisha Kiswahili vijana wanaokuja kujitolea huku kwetu, na barua yako imenigusa. Wenyeji wengi wakiona mgeni amenyong'onyea hudhani ni chakula au jua la Dodoma. Wewe umeona penyewe.

Nianze na hao bibi. Tafadhali mwambie binti leo hii, kabla hajalala, kwamba bibi wale wanazungumza Kigogo. Inaelekea hakuna aliyemwambia! Nimeona vijana waliosoma Kiswahili kwa bidii, wakafika Mvumi au Chamwino, wakasikia wazee wakizungumza, wakaamini kwamba kichwa chao hakishiki kitu. Mfundishe kusema "mbukwenyi" na kesho awasalimie hivyo pale getini. Kiswahili chake kiko salama.

Sasa nyumbani. Mpe kazi, mwanangu. Najua umemkataza kwa upendo, lakini mtu anayekaa mwaka mzima bila kushika hata mwiko ataongea na nani, na ataongea nini? Mwite jikoni. Achambue mchicha, akoroge mlenda, umwambie lini aongeze magadi na lini aache. Mimina, funika, punguza moto, bado kidogo, haya epua: maneno kama hayo yakisemwa huku mkono unafanya kazi hayahitaji daftari. Utashangaa yatakavyoanza kumtoka mwenyewe. Na kuhusu yale machozi, muulize hapohapo jikoni mkiwa na kazi mkononi. Ukimwita sebuleni kwa kikao atakujibu kwamba yuko sawa.

Jumamosi nenda naye soko la Majengo. Ngeli, ambazo huwatesa wageni kuliko kitu kingine chochote, zimepangwa zote juu ya meza ya muuza mboga: nyanya hizi, viazi hivi, mapapai haya, mchicha huu, limao hili. Siku ya kwanza uliza wewe bei, yeye asikilize na kushika kile kinachotajwa. Wiki inayofuata mpe hela aulize mwenyewe. Simama pembeni kidogo na usimkimbilie akikwama, maana muuzaji ana subira, anataka kuuza. Akitajiwa bei ya mgeni, hapo ndipo uingie.

Akikosea, usimkatize, na wala usimmwagie sifa. Akisema "kitabu yangu iko wapi", wewe mjibu tu: "Kitabu chako kiko mezani." Sikio lake litalinganisha lenyewe. Sisi tuna ukarimu fulani unaowaponza wageni: mtu akisema "mambo vipi" anaambiwa anajua Kiswahili sana, halafu dakika hiyohiyo mazungumzo yanahamia Kiingereza. Na mji wetu umezidisha hilo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kweli baada ya uamuzi uliokuwepo tangu 1973. Leo huku kwetu kumejaa wasomi na watumishi ambao wakimwona Mzungu wanaona nafasi ya kunyoosha Kiingereza chao.

Kijana wako simlaumu hata kidogo. Ana upimaji wa kidato cha pili mwezi wa 11, na masomo karibu yote anayasoma kwa Kiingereza. Mtengee saa yake, tuseme Jumapili baada ya ibada, binti amsahihishie insha. Muda uliobaki, ndani ya nyumba ni Kiswahili, na kijana huyo awe mwalimu badala ya mwanafunzi. Lakini mwalimu bora kuliko wote ni huyo kitinda mimba wako, hasa kama Kiingereza bado hakijamkolea. Baada ya chakula wategeane vitendawili. Binti atashindwa na kutoa mji kila mara, na hapo atakuwa anasikia Kiswahili kitamu ambacho hakimo kwenye daftari.

Watoto wa shule ya awali kumcheka kusikusumbue. Wanamcheka hata mwenzao aliyevaa sweta nje ndani. Kinachonisumbua mimi ni kazi aliyopewa. Vijana wengi wa Kijerumani huja kwa mpango wa serikali yao uitwao weltwärts, ulioanza 2008, unaochukua watu wa miaka 18 hadi 28, na wengi wao ndio kwanza wametoka shule. Huyu si mwalimu, na asisimamishwe ubaoni peke yake mbele ya darasa lililojaa. Kamwone mwalimu mkuu, umwombe ampe jambo moja lililo lake kila asubuhi: kugawa uji, au kuwapanga watoto mstari wakanawe mikono, au kuongoza wimbo wa kuhesabu. Akirudia maneno yaleyale kila siku na watoto walewale, kicheko kitaisha bila mtu kugombezwa.

Hili hukuuliza, lakini sitalipita. Kujitolea hakufanywi kwa viza ya utalii. Anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, na taasisi iliyomwalika ndiyo inayopaswa kulishughulikia. Muombe akuonyeshe karatasi zake, na kama hujamtambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, nendeni pamoja. Mkikuta kibali hakipo, mwambie mchungaji wiki hii ili waende ofisi ya Uhamiaji mapema, kabla viza haijaisha.