Andika jina la dume: kwa wahimilishaji wapya wa Moshi na Arusha

Wadogo zangu mliotoka chuoni Tengeru juzi kujifunza kuhimilisha, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija bila dume kuwepo, nawapenda, lakini mnanichosha. Wiki hii nimeitwa tena Machame kusuluhisha ugomvi. Ng'ombe mweusi wa Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa, amehimilishwa kwa mbegu ya Friesian mweusi, amezaa ndama mwekundu mwenye mabaka meupe. Kijana wetu mmoja akaitwa kumtazama. Hakuuliza lolote, akamwambia mwenye ng'ombe kwamba mhimilishaji aliyetangulia "alimpiga", alimwekea mbegu nyingine. Mzee kagoma kumalizia malipo, mhimilishaji kapoteza mteja na jina, na ndama mwenyewe yupo bandani ananyonya vidole vya mtoto wa nyumba ile, mzima, halali kabisa.

Haya ninayoyaandika mlifundishwa na mkayajibu kwenye mtihani. Naomba sasa mje nayo bandani.

1. Ndama mwekundu si ushahidi wa wizi

Kila ng'ombe ana nakala mbili za jeni ya rangi, yaani maelekezo ya kurithi, moja ya mama na moja ya baba. Kwa Friesian, weusi hutawala na wekundu hujificha. Mweusi anaweza kubeba wekundu maisha yake yote na usiuone hata unywele mmoja. Akikutana na mweusi mwenzake anayebeba vilevile, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta ndama mwekundu. Ndicho alichokiona mtawa Mendel kwenye njegere zake kule Brno. Alipochanganya za maua ya zambarau na za maua meupe, kizazi cha kwanza chote kilitoa zambarau. Alipoziacha zijichavushe zenyewe, kizazi cha pili kikatoa mimea 705 ya zambarau na 224 ya maua meupe. Weupe haukuwa umepotea. Aliyachapisha hayo mwaka 1866, akafa 1884, na dunia haikumsikiliza mpaka 1900. Sisi tumeyapata bure, tuyatumie.

Kwa hiyo ukimkuta ndama mwekundu kwa wazazi weusi, umejifunza jambo moja la uhakika: mama yake anabeba wekundu. Liandike. Kisha tazama orodha ya madume, maana huonyesha dume anayebeba wekundu. Kama dume aliyeandikwa habebi, hapo ndipo unaweza kuanza kuuliza maswali, tena kwa upole. Na kinyume chake: wazazi wote wawili wakiwa wekundu, kwa wekundu huu wa kawaida, ndama mweusi hatoki. Huyo ndiye wa kukukunjisha uso.

Na tafadhali acheni kukadiria "damu" kwa rangi ya ngozi. Nimemsikia mmoja wenu akimwambia mnunuzi pale Boma Ng'ombe kwamba mtamba (jike ambaye hajazaa) ana asilimia 75 ya damu ya Friesian kwa sababu ana mabaka mazuri. Mabaka yanatoka kwenye jeni chache sana. Mengine yote anayolipia mnunuzi yule, maziwa, kwato, uzazi, uvumilivu wa ndigana kali (ugonjwa unaoletwa na kupe), yamekaa kwingine kabisa.

2. Jinsia ya ndama ni ya dume

Ng'ombe ana kromosomu 60, nyuzi zinazobeba jeni, yaani jozi 30, na jozi moja ndiyo ya jinsia. Jike hutoa X kila mara. Dume hutoa X au Y: akitoa X ndama ni jike, akitoa Y ni dume. Basi mfugaji akikuambia anauza ng'ombe wake kwa kuwa "anazaa madume tu", mzuie kabla dalali hajafika. Madume manne mfululizo ni nafasi moja kati ya kumi na sita, na kijiji chenye ng'ombe wengi lazima kiwe na mmoja wa namna hiyo. Mimba ya tano haijui yaliyopita.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa Uru, mkewe akiwa pembeni anakata majani. Mama yule alikuwa na mabinti watupu, na kwa mila zetu za kihamba, shamba la ukoo linalorithiwa na wana wa kiume, mnajua maneno aliyokuwa ameyasikia kwa mashemeji miaka yote. Akaweka panga chini, akauliza: "Na kwa watu je?" Nikamwambia kwa watu ni vilevile, mama. Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mzee akatazama migomba. Nilimtoza nusu bei siku ile, na kila nikipita njia ile mama hunikaribisha mbege. Semeni jambo hili kwa sauti kila mnapopata nafasi, hata asipokuwepo ng'ombe.

Mfugaji anayetaka majike kwa haraka mwambie kuna mbegu zilizochaguliwa jinsia. Mbegu yenye X ina vinasaba zaidi kidogo, karibu asilimia 4, na mashine hutumia tofauti hiyo kuzitenga. Majike hufika karibu 9 kati ya 10. Bei ni kubwa na ushikaji wa mimba ni mdogo kidogo, kwa hiyo ziwekeeni mitamba yenye afya.

3. Jina la dume

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilipokuwa kijana kama ninyi kulikuwa na dume mmoja wa Friesian ambaye binti zake walisifika Kibosho nzima: wapole, viwele vimekaa sawa, wanakamulika na mtoto. Wafugaji walimtaka kwa jina, nami nilijaza mirija ya mbegu yake iliyogandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni. Kwenye kitabu changu niliandika tarehe, jina la mfugaji, na neno "Friesian". Basi. Jina la dume niliona limeshachapwa kwenye mrija, na mrija nikishaukata naurusha kwenye ndoo.

Mama mmoja mjane alikuwa na ng'ombe mmoja tu, bandani, katikati ya migomba. Ada ya shule ilitoka humo. Nilimhimilisha kwa mbegu ya dume yule, akazaa mtamba mzuri sana. Mtamba akakua, akaja joto, yaani akataka dume, nikaitwa. Nikatia mkono mtungini nikatoa mbegu ileile inayopendwa, nikaiweka, nikapokea hela, nikaondoka.

Ndama alizaliwa dhaifu. Miguu ya mbele ilijikunja, hakuweza kusimama kunyonya. Mama alimkamulia dang'a, maziwa ya kwanza, akamnywesha kwa chupa ya soda, usiku akamfunika gunia. Siku ya tatu akafa. Nilimpa pole, nikamwambia ni bahati mbaya, inatokea. Mtamba alipopumzika nikamhimilisha tena, na nikarudia dume yuleyule. Safari hii hakushika. Akarudi joto, nikaweka, akarudi tena. Nilimlaumu kwa chakula, nikamlaumu mama kwa kuchelewa kuniita, na kila safari mama alilipia mrija.

Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba kila nilipofanya kazi pale, yule mama aliniomba nimsomee maandishi ya kwenye mrija kabla sijautupa. Nilidhani ni udadisi. Alikuwa akiyaandika kwenye daftari la shule la mwanawe, kila ng'ombe na ukurasa wake. Siku hiyo alilileta bandani, akalifungua juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa ng'ombe mkubwa, akafunua, akaweka kidole cha pili kwenye ukurasa wa mtamba. "Daktari, hili jina na hili si moja? Huyu si ndiye baba yake?"

Ndiye. Nilikuwa nimempandisha mtoto kwa baba yake, tena na tena, kwa malipo, na aliyegundua si mimi niliyesomea.

Ndama hufa kwa mengi, na siwezi kuapa kwamba yule alikufa kwa sababu hiyo. Lakini hesabu iko wazi. Karibu kila dume anabeba jeni mbovu moja au zaidi zilizojificha, hazimdhuru kwa kuwa nakala ya pili ni nzima. Jeni moja ya namna hiyo humfikia nusu ya binti zake. Ukimrudishia binti mbegu ya baba, na binti akawa ameibeba, ndama mmoja kati ya wanne atapata nakala zote mbili mbovu. Jumla yake, nafasi moja kati ya nane, na hiyo ni kwa jeni moja tu. Kwa dume asiye ndugu, ambaye kwa kawaida habebi ubovu uleule, nafasi hiyo hushuka karibu na sifuri.

Msidhani ni mambo ya vijijini kwetu. Marekani walikuwa na dume wa Holstein, ndugu wa Friesian, aliyezaliwa 1962, Pawnee Farm Arlinda Chief. Alikuwa na binti 16,000, na wajukuu wa kike zaidi ya 500,000. Mbegu yake iliinua maziwa kwelikweli. Miongo mingi baadaye wanasayansi wakagundua kwamba alibeba jeni iliyojificha ambayo kiinitete (mimba changa) kikipata nakala mbili hufa tumboni, na inakadiriwa imeua mimba nusu milioni duniani. Mfugaji hakuona ndama mfu. Aliona tu ng'ombe amerudi joto. Kumbukeni hilo kila mnapoandika "amerudia" kwenye kadi.

Yule mama nilimpa mrija wa Ayrshire, aina nyingine ya ng'ombe wa maziwa, bila malipo, mtamba akashika, akazaa salama. Kisha nikamwomba daftari lake, nikanakili jinsi alivyopanga kurasa. Ndivyo ninavyoandika mpaka leo: namba ya hereni ya jike, jina la baba wa jike, jina na namba ya dume kama ilivyochapwa kwenye mrija, tarehe. Someni mrija mkononi kabla ya kuukata, na mwachieni mfugaji nakala. Unapokuta kumbukumbu hakuna kabisa, na utazikosa mara nyingi, badili kosaafu, yaani aina ya ng'ombe: jike mwenye sura ya Friesian mpe Ayrshire au Jersey. Hapo nafasi ya kumpa baba yake inakuwa ndogo sana.

4. Maziwa hayakai kwenye jeni moja

Maziwa yanaongozwa na jeni nyingi sana, kila moja kidogo. Tofauti ya maziwa mnayoiona kati ya ng'ombe wa kundi moja, karibu robo hadi theluthi ndiyo ya kurithishwa. Iliyobaki ni chakula, maji, joto la banda, kupe na mkono wa mkamuaji. Acheni kuwaahidi watu lita za binti za dume wa Ulaya wakati ng'ombe anakula magogo ya mgomba na pumba akibahatika. Na mkiona ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wamepishana lita, msishangae, kila mmoja alipewa nusu yake ya baba na nusu yake ya mama, na nusu hizo hazifanani.

5. Chotara

Jike wa asili kwa dume safi wa Friesian: nusu kwa nusu. Ndama huyo huwa na nguvu ya chotara, anakua haraka, anahimili kupe, anazaa. Wafugaji wakimwona wanataka kuendelea, asilimia 75 ya Friesian, kisha 87.5, na ninyi mnawasukuma kwa kuwa mnauza mirija. Kwenye baridi ya Marangu, penye majani ya kutosha na mtu wa kukamua kwa saa, sawa. Tambarare, penye jua na ndigana kali, ishieni kati na muwaambie ukweli, hata kama mnakosa mauzo.

Kosa jingine ni kupandisha chotara kwa chotara wakidhani watapata nakala yao. Hawatapata. Jeni huchanganywa upya, mmoja atarudi kwa bibi yake wa asili, mwingine ataelekea Uholanzi kwa akina Friesian, na nusu ya ile nguvu ya chotara hupotea. Na kumbukeni kwamba hiyo 75 mnayoiandika ni wastani tu: baba safi anatoa nusu kamili, lakini mama chotara hujui ametoa nini.

6. Ya mkono

Maji ya kuyeyushia mrija yawe nyuzi 35 hadi 37 kwa kipimajoto, si kwa kidole. Aliyeanza joto asubuhi mhimilishe jioni, aliyeanza jioni asubuhi. Usiinue mirija juu ya shingo ya mtungi ukitafuta, maana ndani ni nyuzi 196 chini ya sifuri na nje ni Moshi. Pima naitrojeni kila wiki.

7. Mapacha

Wakizaliwa mapacha, dume na jike, msimwandike jike kuwa mtamba wa kufuga. Tumboni huwa wamechangia damu, homoni za dume zimeharibu kizazi chake, na zaidi ya 9 kati ya 10 ya majike hao ni tasa. Kwa nje ni mzuri na ananenepa vizuri, ndiyo maana huuzwa kwa bei ya mtamba kwa mtu asiyejua. Ukiitwa kumhimilisha jike asiyewahi kuonyesha joto, uliza kwanza alizaliwa peke yake au na nani. Kama ni wa mapacha ya namna hiyo, mpime kizazi kwa mkono, mweleze mwenyewe, na usimtoze hela ya mrija.