Shule mbili za serikali, mtaa mmoja: nimpeleke wapi mwanangu?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Tumehamia Kimara mwaka huu, na mwanangu wa kwanza ataanza darasa la kwanza Januari. Kuna shule mbili za msingi za serikali tunazoweza kumpeleka. Moja ina wastani wa daraja B katika mtihani wa darasa la saba, na majirani wote wanaisifu, lakini iko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro na mtoto atalazimika kupanda daladala. Nyingine ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Wastani wake ni daraja C, na watu hawaitaji kwa wema. Je, tofauti hiyo ya daraja inatosha kuniamulia? — Mama, Kimara, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, haitoshi, na ningependa uelewe sababu yake kabla hujaenda kuandikisha.

Wastani unaouona kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani hutokana na masomo sita, kila moja likiwa na alama 50, hivyo jumla ni 300. Alama hizo ni za watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani tu. Mtoto aliyeacha shule akiwa darasa la tano, au ambaye mzazi wake alishauriwa kwa upole amhamishie kwingine kwa kuwa "hatafaulu hapa", hayumo katika hesabu hiyo, na kadiri wanyonge wa namna hiyo wanavyopungua ndivyo wastani wa shule unavyopendeza. Nilifundisha darasa la sita kwa miaka kadhaa katika shule ya serikali ambayo sitaitaja, nikamwona mama mmoja akitoka ofisini ameshika barua ya uhamisho ambayo hakuiomba. Mwaka uliofuata shule ilipongezwa kwenye kikao cha kata. Jambo hilo bado linaniuma.

Sisemi haya kwa kisa kimoja tu. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule kwa ufaulu na kuzitangaza hadharani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipochunguza athari zake, waliona kwamba shule za msingi zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, lakini idadi ya watoto waliofanya mtihani katika shule hizo ilishuka. Tangu mwaka 2023 Baraza halitangazi tena orodha ya shule bora, jambo ambalo mimi naliunga mkono; hata hivyo matokeo ya kila shule bado yanapatikana, na sisi wazazi tunaendelea kujipangia orodha zetu wenyewe vibarazani.

Kwa hiyo, fanya hivi. Tafuta katika tovuti ya Baraza matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya shule zote mbili, kisha matokeo ya darasa la saba ya miaka mitatu baadaye, kwa maana watoto hao kwa sehemu kubwa ni walewale. Ikiwa shule ilipima watoto 160 wa darasa la nne mwaka 2021, halafu mwaka 2024 watahiniwa wake wa darasa la saba wakawa 150, usiwe na wasiwasi, kwani wapo wanaokariri darasa na familia za Dar es Salaam huhama kila siku. Wakiwa 110, uliza wale 50 walikwenda wapi. Angalia pia mwendo wa madaraja: shule iliyowapokea watoto wengi wenye D darasa la nne ikawafikisha C imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyowapata wakiwa na B ikawaacha hapohapo.

Baada ya hapo zitembelee shule zenyewe, asubuhi ya siku ya masomo. Katika ofisi nyingi za walimu wakuu kuna jedwali ukutani lenye safu za WAV, WAS na JML, yaani wavulana, wasichana na jumla, kwa kila darasa. Soma mstari wa darasa la kwanza, kisha uliza ni walimu wangapi wanaolifundisha. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 shule nyingi za mijini zimezidiwa mno, nyingine zikiingiza watoto kwa zamu mbili. Shule yenye sifa ndiyo inayokimbiliwa, kwa hiyo usishangae ukikuta darasa la kwanza la ng'ambo ya barabara limefurika kuliko lile la jirani yako. Omba kuona daftari la mtoto wa darasa la pili: likiwa limesahihishwa wiki hii, na kosa limeandikiwa jibu sahihi kwa kalamu nyekundu, huyo ni mwalimu anayewasoma watoto wake. Vyoo navyo viangalie, kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

Na usiipime barabara kama jambo dogo. Mtoto wa miaka sita anayeachwa kituoni na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi hufika somo la kwanza limekwisha, amechoka, na somo hilo mara nyingi ndilo la kusoma au kuhesabu. Mimi, kama idadi ya watoto katika shule ya karibu haiporomoki kati ya darasa la nne na la saba, na madaftari yanasahihishwa, ningemwandikisha hapo. Uandikishaji huanza miezi ya mwisho ya mwaka. Nenda na cheti cha kuzaliwa, na usisubiri Januari.