Kabla hujaangalia upepo, uliza leo mwezi ngapi

Kila Ijumaa jioni nikitoka kazini hapa mjini nakuta meseji mbili tatu za washkaji, "kesho bahari vipi, tutoke?", na karibu wote wanachouliza ni upepo tu, upepo ukoje, programu ya kwenye simu inasemaje. Mi nawarudishia swali, leo mwezi ngapi, yani siku ya ngapi tangu mwezi uandame? Wengi hawajui. Wanajua tarehe ya mshahara lakini mwezi wa angani hawaujui, na mtu asiyejua mwezi hajui maji yatakuwa wapi saa ngapi, sasa huo upepo ataupima na kitu gani?

Mi nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nimefunzwa kuvua kwa mshipi na ami yangu tangu niko skuli, na ingawa sa hivi naishi mjini kila nikipata nafasi narudi shamba tunatoka na ngalawa yake. Nnachoandika hapa ni cha pwani yetu, pwani yenye mwamba mrefu nje na maji ya ndani yanayokauka, lakini ukiwa Dar, Tanga ata Mombasa saa za maji hazipishani sana na zetu, kwaiyo hesabu yenyewe unaweza kuitumia, ila sura ya bahari ya kwenu lazima uijue mwenyewe.

Hesabu ni hii. Mwezi ukiandama, na tena kwenye mwezi kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika mita 4 hivi, na bamvua za Machi na Septemba ndo kubwa kuliko zote. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, saa kumi na nusu, yanapwa saa nne asubuhi, alafu yanajaa tena saa kumi jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi saba nane maji yanajaa saa tatu na nusu, saa nne asubuhi, na hapo ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, mita 1 na ushee. Kitu cha kukariri ni hicho kimoja tu, bamvua inajaa saa kumi, mengine yote unahesabu kwa vidole ukiwa umekaa barazani.

Kwetu hii hesabu si mapambo kwa sababu chombo hakitoki wala hakiingii bila maji. Bamvua ikipwa, kutoka ufukweni hadi mwambani unatembea kwa miguu, kina mama wako kwenye mwani wao na wengine wanachokoa pweza, na ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga. Kwaiyo siku ya bamvua unatoka alfajiri na maji yakiwa yamejaa, na kurudi ni mchana au jioni yakishaingia tena. Ukisema utarudi saa nne ule chai nyumbani, utarudi kupitia wapi?

Na maji hayaendi kwa mwendo mmoja, hili watu wengi hawalijui. Saa ya kwanza baada ya kujaa yanatoka polepole kama hayataki, saa ya pili yanachangamka, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia kweli, siku ya bamvua yanashuka kama mita nzima kwa saa moja, alafu yanapoa tena mpaka yanasimama. Hizo saa mbili za katikati ndo zenye mkondo mkali, ndo zinazobeba mshipi, na ndo zilizotaka kutuua.

Ilikuwa Julai, kusi, ule upepo wa kusini, imeshika, mwezi kumi na sita. Mi nilikuja kutoka mjini Ijumaa usiku kwa sababu Jumamosi ndo siku yangu, hakuna sababu nyengine. Ami aliniambia tutoke lakini tutakaa nje mpaka mchana, nikakubali bila kusikiliza vizuri. Tukatoka saa kumi na moja kasoro, umande unavuma taratibu kutoka nchi kavu, tanga limejaa, tukapita mlango wa mwamba kama tunapita sebuleni. Tukatia nanga kwenye kina cha pima kumi na mbili hivi, changu wakaanza kula. Saa mbili kusi ikaamka. Siyo dhoruba, kusi ya kawaida tu ya Julai, lakini mawimbi yakaanza kuvimba, na mimi nilikuwa na ahadi mjini mchana, nikaanza kumsukuma ami, turudi, turudi kabla upepo haujazidi. Akanambia, "Maji yanatoka, upepo unaingia, pale hapapitiki sasa hivi. Tusubiri yasimame." Nikabishana nae. Na yeye, kwa kunipenda nadhani, akang'oa nanga.

Nataka nikuelezee ule mlango ulivyokuwa saa mbili na nusu. Maji yote ya ndani, eneo zima la kijiji hadi kijiji, yanatafuta njia ya kutokea, na njia ni ule upenyo mmoja, kwaiyo yanatoka kama mto, rangi yake ya maziwa yenye mchanga na majani ya mwani uliokatika, alafu kwa nje wimbi la kusi linakuja limebeba uzito wa bahari kuu nzima, vinakutana hapo. Wimbi likikutana na maji yanayolikimbilia linasimama wima, linakuwa jembamba na refu kwenda juu, yani halina mgongo wa kupanda, ni ukuta. La kwanza tulilipanda. La pili likatujaza. La tatu likauchukua mrengu wa kushoto, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, nilisikia ule mti ukilia kabla haujavunjika, na ngalawa ikalala. Kilichotuokoa ni kwamba mkondo ulikuwa unatoka, ukatutupa nje badala ya kutusaga mwambani, na nje kulikuwa na ngalawa tatu za wenzetu zimetia nanga zinasubiri maji yasimame, kama ami alivyotaka sisi tufanye. Wakatuvuta. Mishipi yote ilikwenda, samaki walikwenda, ami alipasuka kiganja kwa kamba na mpaka leo kidole cha shahada hakikunji vizuri. Kila nikimuona anafunga ndoana kwa vidole vile naona aibu.

Saa tano na nusu tukapita mlango ule ule, tumekokotwa, upepo ni ule ule na umezidi kidogo, maji yalikuwa yameanza kuingia. Pametulia kabisa. Mawimbi yapo lakini marefu na laini, yanakusindikiza ndani.

Kwaiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, upepo na maji vikienda upande mmoja ata upepo wenye nguvu utavumilika, vikipingana ata upepo wa wastani unakuwa mbaya. Kwenye programu ya simu watu wanaangalia upepo peke yake, wanasoma namba hiyo wanaridhika. We chukua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wao wanatoa upepo na mawimbi, alafu weka pembeni yake saa zako za maji, uangalie utakapokuwa unapita mlangoni maji yatakuwa yanafanya nini. Wakisema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mi sitoki, iwe maji mafu iwe bamvua, sijadili.

Ami ana kipimo chake ambacho sasa nakitumia kila safari. Anachukua kipande cha kumbi la nazi anakitupa majini pembeni ya chombo, anaangalia kinaelekea wapi na kwa mwendo gani, alafu anageuza uso kwenye upepo. Kumbi likielekea kule kule upepo unapotoka, yani linaelea kwenda kuupokea upepo, anajua mlangoni pamechafuka ata kama hapaoni. Huhitaji betri wala bando.

Sasa misimu. Kusi inaanza kushika Mei hivi mpaka Septemba, Juni hadi Agosti ndo kali, maji yanapoa na kuchafuka. Pwani yetu ya mashariki inapokea kusi kifuani, wakati wenzetu wa magharibi, kuanzia mjini kwenda juu mpaka Mkokotoni, wamekingwa na kisiwa. Ndo maana tangu zamani watu wanahama na vyombo vyao wanakwenda dago, wanafuata upande wenye kivuli cha upepo. Kama una uhuru wa kuchagua, kusi vua magharibi. Kama huna, fanya kama wazee, vua ndani ya mwamba, kuna tasi na chaa kwenye majani, madema yanafanya kazi vizuri tu, kitoweo kinapatikana na roho inabaki. Si lazima kila siku utoke nje.

Kaskazi inakuja Novemba Disemba mpaka Machi, maji ya moto, safi, unaona chini, na mawimbi yake hayana ule uzito wa kusi. Huu ndo msimu wa kurambaza, yani kuburuta mshipi nyuma ya chombo, kutafuta nguru na kolekole pembezoni mwa mwamba. Ila usidanganyike na asubuhi yake, kaskazi ya Januari inalala alfajiri na kuamka saa nne saa tano, na watu wa Nungwi watakwambia jioni inavyowachapa. Panga uwe umegeuka kabla.

Kati ya hizo mbili ndo kuna tanga mbili, Machi Aprili na tena Oktoba Novemba, upepo haujui uende wapi, bahari inakuwa kama mafuta kwenye sahani. Ni raha kuvua na mi napenda sana Oktoba, lakini mvua za masika zina tabia ya kuleta wingu jeusi na upepo wa ghafla wa dakika 20 unaozunguka kila upande, ukiona mstari mweusi juu ya maji unakuja shusha tanga kwanza ndo uulize maswali. Na msisahau kimbunga Hidaya, kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Tahadhari ilitolewa mapema. Kuna watu waliiona kwenye simu wakaipita kwa sababu nje kulikuwa kumetulia.

Kuhusu kula kwa samaki, kila mtu na lake, nasema nilichokiona mimi. Maji yakisimama samaki nao wanasimama. Yakianza kutembea tu, ile saa ya kwanza, wanakula kweli, weka chambo chako kibichi tayari, ngisi au kamba, usianze kukatakata wakati huo. Saa za katikati za bamvua mshipi unalala badala ya kusimama, chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, halifiki chini, unadhani samaki hawapo kumbe chambo chako kinaelea juu yao pima tano. Weka chubwi zito zaidi au pumzika ule mihogo yako. Kwa anaeanza namwambia aanze na maji mafu, mwezi saba mpaka kumi, mshipi unasimama wima, kidole kinasikia kila mguso, na mlangoni hakuna vita. Bamvua ni nzuri kwa pweza, lakini ukienda mwambani kwa miguu geuka maji yakianza kuingia siyo yakifika magotini, kwa sababu huku nyuma karibu na pwani kuna bonde linajaa kwanza, unajikuta mwamba uko mkavu na njia ya nyumbani imeshazama. Pweza asiyefika nusu kilo muache akue, na kama kijiji kimefunga bahari ya pweza basi imefungwa, usitafute ujanja.

Vitu vya kubeba sina orodha ndefu. Laifujaketi uvae, usiikalie. Simu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kamba kwenye chombo (letu siku ile lilikuwa la kwanza kuondoka), kafi la akiba, maji ya kunywa ya siku nzima ata kama unasema unarudi saa nne. Na mtu mmoja nchi kavu ajue unarudi na maji yapi, siyo saa ngapi, maji yapi.

Na ile ahadi ya mjini, piga simu mapema uiahirishe. Mi sa hivi siku za bamvua za kusi naomba ruhusa mpaka Jumapili, na ami nae hanisubirishi jibu, ananipigia Alhamisi usiku ananiuliza, "Leo mwezi ngapi?" nikikosea anakata simu.