Mwalimu wa Farasi Anajibu: Poni watatu, watoto sita

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwenye banda la farasi nje kidogo ya Arusha. Kila Jumamosi napewa watoto sita wa miaka mitano hadi minane, poni (farasi wadogo) watatu na saisi watatu, yaani watunza farasi. Watatu wanapanda, watatu wanangoja kwenye benchi, kisha wanabadilishana. Dakika kumi haziishi, wa kwenye benchi wanarushiana mchanga, na walio juu wananiuliza, "Dada, tunazunguka tu mpaka saa ngapi?" Niwafanyie nini wafurahi na bado wajifunze?
Dada wa Banda, Usa River

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwanza ondoa hilo benchi. Nimefundisha watoto miaka kumi na minane, na hakuna kitu kinachoua somo kama kungoja. Wagawe wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini, timu moja. Wa chini apewe kazi ambayo bila yeye mwenzake hawezi kuendelea. Na kofia ngumu wavae wote, hata wa chini.

Anza na ndimu. Mchezo wa kukimbia na ndimu kwenye kijiko wanaujua kutoka shuleni, huna haja ya kueleza mengi. Laza tairi kuukuu pembeni ya kiwanja, mtoto wa chini asimame ndani yake na asitoke. Saisi ndiye anayemleta poni pale, ubavuni, kamwe si kwa nyuma. Mtoto anampa mwenzake kijiko chenye ndimu, poni anatembea taratibu hadi kwenye ndoo, ndimu inatumbukizwa, wanarudi kuchukua nyingine. Mkono mwingine wa mpandaji ushike ukanda wa shingoni mwa poni. Hatamu asizishike, maana akiyumba atamvuta poni mdomo.

Sasa mtazame huyo mtoto. Mara ya kwanza kiwiko kimekakamaa, ndimu inacheza, inaanguka. Mara ya tatu mabega yameshuka, kiuno kinafuata mgongo wa poni, na ndimu imetulia. Neno "legeza kiuno" unaweza kulisema mwezi mzima asikuelewe. Ndimu inamwelewesha asubuhi hiyo hiyo.

Mchezo wa pili ni wa taa za barabarani. Wa chini anaita "kijani," wanakwenda. Anaita "nyekundu," wanasimama. Hapa mpandaji anashika hatamu, ila kuvuta kwa nguvu ni kupoteza pointi: anakaa mzito kwenye tandiko, anatoa pumzi, kisha anafumba vidole. Badilisha maneno kila wiki. Nilikuwa na poni mzee aliyelijua neno "nyekundu" kuliko watoto. Alisimama mwenyewe, na mimi nikadhani wanafunzi wangu wameiva.

Mwenye woga mpe mchezo wa kuzunguka dunia. Poni amesimama, saisi ameshika kichwa, wewe uko ubavuni, miguu ya mtoto imetoka kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Anavusha mguu mmoja, anakaa upande. Anageuka tena, anatazama mkia. Kisha upande wa pili, hadi arudi mbele. Poni mmoja kwa wakati mmoja, ili mikono yako iwe karibu. Niliwahi kuwa na binti wa miaka sita aliyekuwa akilia kila akipandishwa. Siku alipojikuta ametazama mkia, aliweka viganja vyote viwili kwenye matako ya yule poni, akanyamaza, kisha akasema, "Ana joto." Hakulia tena.

Jambo moja nakuomba sana: usitumie mifuko ya plastiki wala baluni kwa mapambo. Mimi nilifunga mifuko kwenye fito za mbio za kupindapinda, upepo ukavuma, poni akaruka pembeni na mtoto akaanguka. Aliumia mkono kidogo, lakini kosa lilikuwa langu na bado linaniuma. Tumia vitambaa vizito, na mwonyeshe poni siku moja kabla. Kati ya poni na poni acha nafasi ya urefu wa poni mmoja mzima. Kwa watoto wa umri huo mimi huacha nafasi ya poni wawili.

Usione haya kwamba poni wako si wa gharama. Mashindano ya michezo ya poni ya Uingereza, yale ya kombe la Prince Philip yaliyoanza mwaka 1957, yalikusudiwa watoto wa kawaida wenye poni wa kawaida.

Kila mchezo usizidi dakika kumi na tano, na uache hamu ikiwa bado ipo. Kisha vua matandiko, wape watoto brashi, wawili kwa kila poni, na saisi wa poni huyo awe karibu. Fanya haya yote asubuhi. Jua likianza kuzama, usubi hutoka, na ndio wanaoeneza ugonjwa unaoua farasi huku kwetu. Muulize daktari wa mifugo kama poni wako wamechanjwa mwaka huu.