Jibu: Mjamzito kuambiwa anunue glovu, tumlalamikie nani?

Dada, umeuliza akina mama wa huko kwenu Kilolo wafanye nini wanapoagizwa waje na glovu na pamba, ilhali sera inasema huduma kwa wajawazito ni bure. Kumfokea nesi hakusaidii. Mara nyingi yuko peke yake zamu nzima na kabati ni tupu.

Ibaneni kamati ya usimamizi wa zahanati. Humo wamo wananchi wenzenu, na ndiyo inayojadili mpango na bajeti. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (michango ya wafadhili kwa huduma za afya) huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo swali la "zimenunua nini?" linaulizwa hapo hapo kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Ombeni iwe ajenda. Nendeni na risiti za duka la dawa, zenye tarehe. Kwetu Umalila mama mmoja alizimwaga mezani pamoja na glovu zilizobaki, mwenyekiti akabaki anakohoa tu.

Msemaji awe mtu asiyemwogopa mtendaji (hapo ndipo wengi mnakosea). Wakiwapiga chenga, barua iende kwa mganga mkuu wa wilaya, nakala kwa diwani.