Gari Huendeshwa kwa Shingo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Mama, wewe waonaje, wazee wanaoendesha magari warudishwe kufanya mtihani wa leseni upya?" Umeuliza siku mbili baada ya Mjomba wako kukiparamia kibanda cha mama mboga kule Umoja, hapa Nairobi, mguu ukiwa kwenye mafuta naye anaapa ulikuwa kwenye breki. Namshukuru Mungu mwenye kibanda alikuwa ameenda kuchota maji. Lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Umeuliza juu ya wazee ili usiniulize mimi. Mwezi wa nane natimiza miaka 74, na kila Ijumaa ni mimi ninayewachukua watoto wako shuleni Donholm.

Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Leseni yangu niliipata 1978. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Pumwani, mtu wa kofia ya vito, mpole, lakini ndani ya gari hakuwa na mzaha. Siku ya pili tu alichukua ukurasa wa Taifa Leo akaufunga kwenye kioo cha ndani, nisione nyuma. Nikamuuliza, sasa nitaendaje? Akanigusa bega: "Bibi, gari haliendeshwi kwa mikono. Mikono inafuata tu. Gari huendeshwa kwa shingo." Wiki nzima sikuondolewa lile gazeti. Kila nikitaka kuingia barabarani ilinibidi nigeuke mzimamzima, kulia, kushoto, mpaka jioni nikajipaka dawa ya misuli. Alipotaka kunifundisha kuondoka kwenye mwinuko, aliteremka akaweka kiberiti nyuma ya tairi. Kiberiti cha kwanza nilikisaga. Cha pili pia. Cha sita kilibaki kizima, na ninacho mpaka leo kwenye ile droo ya vyeti vyenu vya kuzaliwa, pamoja na kitabu changu chekundu cha leseni chenye picha ya nywele za mviringo mnayoichekaga.

Siku ya mtihani, Likoni Road, nilikuwa mwanamke peke yangu katika foleni yetu. Afisa alinisimamisha kwenye mwinuko, akaniambia nenda. Nikageuza shingo mpaka nikasikia mfupa, nikaachia klachi polepole, gari likapanda bila kurudi hata upana wa kidole. Yule afisa hakusema kitu, aliandika tu. Nilitembea kurudi mpaka mjini kwa miguu kwa furaha, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kisigino.

Baba yako, Mungu amrehemu, miaka minne hakunipa ufunguo wa gari letu, ile Peugeot 504. Hiyo unaijua.

Nimekwambia haya ili uelewe mtihani ule unapima nini. Hata wewe uliufanya. Unasimama mbele ya ule ubao wenye mji wa kuchezea, unasukuma kigari, unaonyesha nani apite kwanza kwenye raundabauti, unataja alama. Kisha barabarani dakika chache. Ni mtihani wa kujua kama mtu amejifunza. Haukutungwa kumpima mtu aliyejifunza zamani na sasa mwili unamtoka kidogokidogo. Baba yako angeupita akiwa na miaka 72. Angeupita hata asubuhi ya ile siku ya Roysambu.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika, ingawa sikutaka.

Ile siku ya Roysambu mnaijua ninyi kama nilivyoisimulia. Ilikuwa 2013, Thika Road mpya haijatimiza hata mwaka, tunatoka Ruiru kwenye matanga, jua linazama. Baba yako alikuwa njia ya kati, akataka kuingia kushoto atoke pale Roysambu. Akawasha indiketa, akatazama kioo, akaingia. Boda boda alikuwa ubavuni mwetu, amebeba msichana wa shule. Msichana alivunjika mfupa wa bega. Mwenye pikipiki alichunika mguu wote. Baba yako alilipa hospitali, akaenda kumtazama yule mtoto kwao Githurai mara nne, na maziwa na mkate. Lakini mpaka anakufa alikuwa na neno moja: "Hakuwa hapo." Hakuwa anadanganya. Kwenye kioo chake kweli hakuwapo, na shingo yake ilikuwa imekauka miaka mingi. Akitaka kumtazama mtu aliye kando yake mezani aligeuka na kiti. Sote tulilizoea hilo tukaliona jambo la mezani tu.

Hii sehemu nyingine hamuijui. Mimi nilimwona. Nilikuwa kiti cha kushoto, taa ya ile pikipiki ilikuwa kwenye kioo cha upande wangu, tena nilimwona msichana ameushika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Sikulisema, kwa sababu miaka 35 nimekaa kwenye kiti kile nikijua baba yako hataki kuambiwa kitu akiwa kwenye usukani. Nikajiambia amemwona. Huwezi kuishi na mtu muda wote huo usijifunze kunyamaza mahali pake. Ndiyo maana kila Mjomba wako akifungua kinywa juu ya "boda boda wazembe" mimi huinuka nikaingia jikoni.

Kisha kuna ule ufunguo. Kaka yako alipouficha kwenye kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo juu ya kabati, 2016, sote tulikubaliana tuseme umepotea. Baba yako aliutafuta siku nyingi. Aliinua mito ya makochi, akapapasa mifuko ya makoti asiyoyavaa tena. Siku moja akaacha kutafuta, akakaa karibu na dirisha, akaniambia, "Mwambie mtoto wako aufute mafuta, utashika kutu." Alijua. Alijua tangu mwanzo, na alikuwa akitutafutia sisi nafasi ya kumwambia ukweli, nasi hatukuitumia.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu sheria, nusu yangu inataka sheria kesho asubuhi. Laiti kungekuwa na afisa wa kumwambia mtu usoni, "Mzee, ahsante, umeendesha vya kutosha," tusingefanya wizi wa ufunguo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mzee huweza kumsamehe afisa asiyemjua. Mtoto aliyemfichia ufunguo kwenye kopo ni vigumu zaidi kumsamehe.

Nusu nyingine inakataa. Nani ameleta balaa kwenye barabara hizi? Watu zaidi ya 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na wengi kuliko wote ni waendao kwa miguu. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6, na sisi wa miaka 60 kwenda juu hatukufika milioni tatu, na katika hao wenye magari ni wangapi? Sidhani ni wastaafu wa mtaa wetu wa Buruburu wanaoendesha kwa fujo usiku wa Jumamosi. Marehemu Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alipoleta sheria zake 2004, mikanda kwa kila abiria na matatu zisipite kilomita 80 kwa saa, hakuuliza mtu ana miaka mingapi, alitazama kinachoua. Na nipokonye gari, unipeleke wapi? Ngazi ya matatu ni ya juu, goti hili unalijua, na kondakta anapiga bodi twende mguu wangu mmoja ungali chini. Kwa mtu wa umri wangu gari ni kufika kliniki, ni kwenda kumzika rafiki na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Halafu najijibu: msichana wa Githurai naye alikuwa akienda nyumbani kabla ya giza.

Kaka yako kanisimulia mambo ya nchi za nje. Uingereza ukifika miaka 70 leseni inakwisha, kisha unaihuisha kila miaka mitatu kwa kutamka mwenyewe kwamba uko sawa. Hakuna mtihani. Ndivyo Philip, mume wa Malkia, alivyokuwa bado kwenye usukani Januari 2019 akiwa na miaka 97, gari lake likagongana na jingine karibu na Sandringham likapinduka. Leseni aliirudisha mwezi uliofuata. Wajapani wao ukifika 75 wanapima kwanza akili na kumbukumbu unapohuisha, na tangu 2022 mwenye makosa fulani ya barabarani anarudishwa kuendesha mbele ya mkaguzi. Kule New South Wales, Australia, ukitimiza 85 unatahiniwa barabarani kila miaka miwili, au uchukue leseni ya kuendesha karibu na kwako tu. Hiyo ya mwisho imenikaa moyoni. Buruburu mpaka Donholm, mpaka sokoni, mpaka kanisani. Mtu hanyang'anywi, anapunguziwa.

Mimi yangu niliihuisha kwa simu, nimekaa hapa sebuleni, miaka mitatu mbele. Hakuna aliyeniuliza naona mpaka wapi.

Na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nakwambia wewe. Mwezi wa tatu nilikwenda kwa daktari wa macho nikidhani nahitaji miwani mipya. Wakaniweka mbele ya mashine, kidevu kwenye kikombe cha plastiki, jicho moja limefunikwa, nikapewa kitufe. Unatazama nukta moja ya katikati, na kila ukiona kimwanga popote pembeni unabonyeza. Nikaanza vizuri. Kisha pakawa na kimya kirefu, hakuna kimwanga, nami nasikia mashine inafanya kazi, tik, tik, tik. Nilielewa kabla daktari hajasema. Vimwanga vilikuwa vinakuja, mimi ndiye sikuwa navyo. Ni presha ya macho, glakoma, jicho la kushoto, sehemu ndogo ya pembeni. Haina maumivu, na kilichopotea hakirudi, ila matone ya kila usiku husaidia kuzuia upotevu usiendelee. Daktari alisema jicho la kulia bado linalifidia, naweza kuendesha mchana. Usiku nimeacha mwenyewe tangu Pasaka. Nilikwambia ni kwa sababu ya taa za malori, na taa za malori nazo ni kweli.

Tangu siku hiyo nageuza shingo mara mbili. Kila asubuhi nasimama kwenye korido nikitazama ile picha ya harusi begani kwa kulia, kisha kalenda begani kwa kushoto. Naiona kalenda yote mpaka Jumamosi. Siku nitakayoishia Alhamisi nitajua. Mzee wa Pumwani alikuwa na haki: gari huendeshwa kwa shingo, na kwa jicho kama langu shingo ndiyo inayokwenda kuleta kile jicho lisichofikia.

Sasa unataka niseme ndiyo au la. Sheria ya kumrudisha kila mzee kwenye ubao wa kigari? Ukinibana sana, nitasema macho kila mwaka baada ya 70, na shingo, na mtu wa kukaa naye barabarani nusu saa si kwa ajili ya alama bali kutazama anatazama wapi. Lakini nikisema hivyo namwona Mjomba wako kwenye foleni, na bahasha yake ya hospitali, anamwita kijana wa miaka 25 "afande", na moyo unanikataa. Kisha namwona yule msichana na mkoba wake. Hukumu iko mdomoni, mwanangu, na kuizuia ni kwa shingo upande. Sitaitoa, maana mimi ni mhusika. Mjomba wako mwache kwangu. Nitakwenda kwake Jumapili, nitamwambia usoni, na ufunguo atanikabidhi kwa mkono wake.

Kwangu mimi, Ijumaa hii usiende kazini mchana kama unaweza kuomba ruhusa. Nitakupitia saa nane, jua liko juu, twende wote Donholm. Usikae nyuma na mikoba. Kaa mbele, kiti cha kushoto, ufungue macho kwenye kioo cha upande wako na kule kisikofika. Ukiona kitu nisichokiona usidhani nimekiona. Sema, hata kama nitakukunjia uso.

Kiberiti nitakuja nacho.

Mama yako